Mwosha wa Kibokoni na Wino wa Zambarau

Mwanamke aliyeosha maiti wa kike wa mtaa wetu wa Kibokoni kwa miaka mingi kuliko umri wangu alikuwa hapendi hata kidogo kuosha vyombo. Ukienda kwake asubuhi utakuta sufuria ya jana imelala kwenye karai, vikombe vina machicha ya chai, na yeye amejinyoosha kitandani anatazama tamthilia ya Kituruki. Ukitaka kumsaidia atakukemea.

"Viache hivyo. Havijafa."

Jina lake sitaliandika. Mtaani walimwita Mwosha, na mwenyewe akibisha mlango husema, "Ni mimi, Mwosha." Majina nitakayoandika ni ya wengine, na najua hawatafurahi. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo kama kuna mahali nimekosea mtanisamehe. Lakini majina yao nimeyaandika sawasawa, nimeyahakikisha.

Alikuwa mfupi, mnene wa juu na mwembamba wa miguu, na mikono yake ilikuwa na makunyanzi kama ya mtu aliyetoka kuogelea. Alijipaka mafuta ya karafuu na kujifukiza udi mpaka ukikaa naye kichwa kinauma, na bado chini ya yote hayo ulikuwa unasikia kafuri ya maiti. Watu walimpa mkono, wakishatoka wanaufuta kwenye buibui. Alikuwa anaona. Wenye mimba wakimkuta kwenye kichochoro walipinda upande wa pili, na yeye huwasubiri wapite kisha akawaambia kwa nyuma, "Nami nawapenda."

Harusini ndiko alikokuwa mtu mwingine. Kishindo cha ngoma kikianza, wa kwanza kusimama ni yeye, leso imefungwa kiunoni, na pilau ikiletwa wa mwisho kuondoka ni yeye. Nilimwuliza mara moja haoni tabu kutoka kwenye maiti asubuhi na kucheza jioni.

"Wewe Kisirani," akanambia, maana ndilo jina alilonipa na hakuniita kwa jingine, "sasa nicheze lini? Wakisha kuniosha?"

Aliniita Kisirani kwa sababu nagombana. Ni kweli, nagombana. Lakini naye alikuwa mgomvi, ila ugomvi wake ulikuwa na walio hai tu. Muuza maziwa alimwogopa, fundi wa mfereji alimwogopa. Na maiti alizungumza nao kwa sauti ambayo sisi wengine hatukuwahi kuipata.

Hiyo niliisikia siku ya mamangu. Ndiye aliyemwosha, mimi nikimimina maji. Alikuwa akitaka kumgeuza anamwambia kwanza: "Geuka, mamangu, kidogo tu. Hivyo. Ahsante." Nilikuwa nalia na bado nikamwuliza ahsante ya nini, na huyu hasikii. Akanitazama kama mtu asiye na adabu.

"Nimemsumbua mwenzangu, nisimshukuru? Mimina. Polepole. Maji hayana haraka."

Pesa hakuchukua. Watu walimpa leso, kipande cha sabuni, sukari kilo moja, na asiyekuwa na kitu hakuulizwa. Alikuwa akiishi kwa ule msaada wa serikali kwa wajane na wazee, kama sisi.

Jambo lililomfanya aaminiwe ni mdomo. Aliyemwosha mtu anaona kila kitu: kovu ambalo mume hakulijua, tumbo lililobeba mtoto asiyetajwa, michubuko. Ya mji mzima alikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kusikia hata herufi moja. Aliitwa siku moja Kizingo, kwenye nyumba ya wakubwa. Alipomaliza, mabinti wawili wa marehemu walimfuata mpaka getini, wanataka kujua mama yao alikuwa na nini mgongoni, kwa nini maisha yake yote hakuwahi kuvua nguo mbele yao. Walimwambia dereva atampeleka mpaka mlangoni kwake, watampa hiki na kile.

"Mgongoni kulikuwa na maji," akawajibu. Akatoka kwa hasira, akatembea kwa miguu kutoka Kizingo mpaka Kibokoni na jua la saa saba, na alipofika akajitukana siku nzima kwa kutopanda lile gari kwanza ndipo akatae.

Kuna neno alilokuwa akilisema, na nimelishika: "Aliyenikabidhi mwili amenikabidhi na mdomo wangu."

Mkilikumbuka neno hilo, yanayofuata mtayaelewa.

Ule msaada ulikuwa unakuja kwenye simu, mdogo, lakini unakuja. Wajane, wazee, viwete, wagonjwa. Halafu kukaletwa mradi waliouita Mkono kwa Mkono, na juu yake akawekwa msimamizi. Naandika: Fuadi Shelali. Mtoto wa hapa hapa, amezaliwa vichochoro hivi hivi. Alituita, akatuketisha kwenye mikeka, akatuita mama zangu, akasema siku hizi hakuna cha bure, mtajitolea kidogo, mazoezi mazuri kwa mwili. Kujitolea kwenyewe ni asubuhi tatu kila wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kufagia vichochoro, kuzoa mitaro. Na asiyejitolea jina lake linafutwa. Mimi wa darasa la nne nilijua hapo kuna neno moja ni la uongo.

Tulipewa aproni za manjano. Mabuti ya mpira tuliletewa siku wageni walipokuja kupiga picha, na picha zilipokwisha mabuti yalikusanywa yakarudishwa kwenye gari. Picha ile nasikia imetundikwa ofisini. Mimi nimo, nimevaa mabuti.

Kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Kampuni ya Twahiri, shemeji yake Fuadi, ndiyo iliyopewa kandarasi ya usafi wa mitaa yetu. Lori lake lilikuwa likija kila asubuhi, vijana wake wanashuka, wanakunywa kahawa, na sisi, vikongwe wenye miguu ya kuvimba, tunajaza magunia yao. Ukimaliza zamu unakwenda kwa karani, jina lake Mwakio, ana daftari kubwa, kila mmoja wetu na ukurasa wake, na kibao cha wino wa zambarau. Unabonyeza kidole gumba. Wino ule ulikuwa hautoki. Unaosha, unasugua, unakanda unga wa mahamri, wiki nzima kidole kinabaki zambarau. Mtaani ukimwona mwanamke unajua huyu ni wa Mkono kwa Mkono kwa kumtazama kidole.

Mwosha alikuja siku ya kwanza na ufagio wake mwenyewe. Akafagia kichochoro kimoja tu, lakini alikifagia kama chumba cha bibi harusi. Siku ya pili, Jumatano, kazi katikati, wakaja kumwita. Kuna maiti mtaa wa Kuze. Akavua aproni, akaikunja, akamkabidhi Mwakio.

"Wapi, mama?"

"Kuna maiti."

"Zamu haijaisha. Ukiondoka sikuwekei alama."

"Usiniwekee."

"Ukikosa alama utafutwa. Mimi sina neno, ni sheria."

Mwosha akamtazama. "Mamako yu hai?"

"Yupo. Yuko Voi."

"Mwambie asife Jumatano."

Tulicheka mpaka vijana wa lori wakageuka. Jina lake likafutwa wiki ile ile. Na hapo ndipo kicheko kilipokwisha, kwa sababu kila mmoja alijiuliza: ikiwa huyu anafutwa kwa kwenda kumwosha mtu, mimi nikiugua je?

Hivyo ndivyo tulivyoanza kukutana. Tukataka kukaa kwenye kibaraza cha mmoja wetu, tukaambiwa mkutano bila kibali ni makosa. Mwosha ndiye aliyesema, mdomo umejaa kaimati, "Matanga hayaombewi kibali." Basi kila palipokuwa na matanga, wakisha kusoma hitima na wageni kutawanyika, wanawake wa vidole vya zambarau walibaki nyuma wakijifanya wanakusanya vikombe. Hapo tukazungumza. Wazee na wagonjwa wasifanyishwe kazi. Twahiri afanye kazi anayolipwa. Anayetaka kufanya kazi aandikwe kama mfanyakazi, apewe mabuti. Barua niliiandika mimi kwenye karatasi ya daftari, nikaipeleka kwa mkono. Fuadi aliisoma mbele yangu, akacheka pale nilipokosea kuandika.

Mwosha kwenye mikutano hiyo alikaa mlangoni. Hakusema kitu. Mara nyingine alisinzia. Lakini mgeni asiyetakiwa akitokeza, alikuwa anaanza kulia kwa sauti kubwa kumlilia marehemu, na sisi sote tunafuata. Alikuwa hodari wa kilio cha uongo. Kwenye maiti wa kweli hakuwahi kutoa chozi.

Sasa Bi Zainabu. Huyu jina lake nalitaja kwa heshima. Alikuwa amepita miaka sabini, ana sukari, ana mzaha. Jumatatu moja tulipelekwa mimi na yeye kwenye mtaro wa nyuma ya Kuze ulioziba. Tumevaa ndara tu, mabuti hakuna. Ndani kulikuwa na bati lililooza, tukalishika huku na huku kulitoa, likateleza. Likanikata mimi mguu wa kushoto, likamkata yeye wa kulia, kwenye maji yale, na maji yale mnayajua. Tukajifunga vitambaa, tukamaliza, kwa sababu usipomaliza huwekewi alama. Bi Zainabu alibonyeza kidole kwenye wino mara mbili, akakizungusha mpaka kikajaa.

"Wangu uonekane," akamwambia Mwakio.

Majeraha yakaoza, na Alhamisi Bi Zainabu akafa. Siku hiyo mimi nilikuwa hospitali, sijui mchana wala usiku, na mguu wangu walishaukata chini ya goti. Alioshwa na Mwosha, akazikwa makaburini Kikowani alasiri.

Nilipotoka nikakuta jina langu limefutwa. Nikaenda ofisini kwa magongo. Fuadi akanionyesha daftari: mwezi ule mimi sikufanya kazi hata siku moja. Na Bi Zainabu hakufanya kazi mwezi mzima. Kidole chake hakipo, changu hakipo. Yeye sukari imemuua nyumbani kwake, nami mguu wangu ni sukari hiyo hiyo, pole sana mama. Mwakio alikuwa amekaa pale, anatazama viatu vyake.

"Tulikuwako sote," nikamwambia Mwakio. "Sema."

Hakusema. Kwa hiyo naye namwandika.

Wanawake wenzangu walikuwa tayari kunitetea, lakini Fuadi alikuwa na jibu moja kwa wote: hawa wanatafuta pesa, watasema lolote. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mji mzima unajua hasemi lolote. Nikamfuata.

Alikuwa amekaa kama kawaida, televisheni inawaka. Akaizima, jambo ambalo hakuwa akifanya kwa mtu yeyote. Akaniwekea mto chini ya kigutu cha mguu.

"Bi, ulimwosha Bi Zainabu."

"Nilimwosha."

"Kidole chake kilikuwa na wino. Nilimwona akikibonyeza. Kwa siku tatu wino ule hautoki."

Mwosha akausogeza ule mto.

"Na mguu wake uliuona."

"Kisirani, wataka nini?"

"Nataka useme."

"Wataka nikuuzie maiti?"

"Nataka useme ukweli!"

"Mambo ya kitandani nimeyaacha kitandani. Mamako nilimwosha. Umewahi kusikia neno lake?"

Nikamwuliza basi kile kidole alikifanyaje. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza upishi. Wino ule ulikuwa mzito, umeganda kwenye kucha na kando ya kucha. Wapo wasemao rangi haizuii maji, lakini yeye hakutaka kubahatisha, maji lazima yafike kwenye ngozi ya marehemu. Alichukua ndimu na maji ya moto. Alifanya kazi ile kwa muda mrefu kuliko mwili wote uliobaki, polepole, asimuumize. Mpaka kikawa cheupe.

Mimi nikasimama. Nilikuwa bado sijazoea magongo, nikayumba, akataka kunishika, nikamsukuma mkono.

"Umewaosha mikono yao," nikamwambia. "Fuadi alifuta daftari, na wewe ukaosha kidole. Mmemaliza kazi pamoja."

Niliyasema hayo kwa mwanamke aliyemwosha mamangu. Alibaki amekaa. Nilipofika mlangoni nikamsikia anasema, si kwangu, "Ndiyo. Nimeuosha."

Hatukusemezana tena mpaka siku ya kikao.

Kikao kilipatikana kwa sababu barua ya nne tuliituma Nairobi, na kule kuna mtu aliisoma. Akaja mama mmoja wa makamo, mkubwa wa akina Fuadi, na miwani imening'inia kifuani. Ukumbi ukajaa. Aproni za manjano mbele, tumezivaa makusudi. Kilichokuwa kinaamuliwa tulikijua sote: kama Bi Zainabu hakufa kwa kazi ile, basi kazi ile ni kujitolea tu kama alivyosema Fuadi, na Jumatatu tutarudi mtaroni, na mimi nisiye na mguu sitapata hata senti.

Fuadi alisema vizuri. Ana sauti. Alimpa yule mama daftari, akamwonyesha. Mimi nikasema, nikagombana, nikaambiwa nikae. Wanawake wanne wakasema, yule mama akaandika bila kuinua kichwa. Halafu nyuma ya ukumbi nikasikia harufu ya udi ikija mbele.

Alikuwa amevaa buibui lake la harusini, lile zuri. Hakuniangalia. Alikwenda mpaka mbele ya meza, lakini aliyezungumza naye hakuwa yule mama wa Nairobi. Alimgeukia Fuadi.

"Fuadi mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mamako nani alimwosha?"

Fuadi akajikohoza. "Ni wewe, Bi."

"Ni miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Katika miaka hiyo umewahi kusikia neno lolote la mamako, limetoka kwangu?"



"Sikuwahi."

"Sema wakusikie."

"Sikuwahi kusikia, Bi."

Hapo ndipo akamgeukia yule mama. "Mimi naosha maiti. Aibu ya maiti naifukia naye, na siku yangu nitaulizwa. Nimekaa na jambo hili kwa wiki nyingi, sili, silali, namwuliza yule marehemu mwenyewe: nikisema, nitakuwa nimekuaibisha? Nikaona, hii si aibu yake. Alikuwa na jeraha mguuni, bichi, la bati. Na kidole chake gumba kilikuwa na wino wa zambarau mpaka ndani ya kucha. Niliuosha kwa mkono huu. Mtu ambaye hakufanya kazi mwezi mzima wino kaupata wapi?"

Akamaliza hivyo, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. 

Yule mama wa Nairobi akavaa miwani. Akalichukua daftari, akaanza kufungua kurasa moja moja, anasoma nambari zilizopigwa chapa juu. Alipofika mahali akasimama, akamwuliza Mwakio, "Baada ya ukurasa huu mbona kuna nyuzi na hakuna karatasi?" Mwakio akamtazama Fuadi. Fuadi akatazama dari. Basi.

Kazi ilisimamishwa. Majina yetu yalirudishwa, langu, la Mwosha, ya wote waliofutwa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka barabarani, wakambeba Mwosha juu juu, yeye anapiga makelele wamshushe, mafuta yake ya karafuu yanamwagika.

Msidhani wakosaji walipata chochote. Fuadi Shelali alihamishwa, akapewa ofisi nyingine kubwa zaidi, yenye kiyoyozi, na anapita kwa gari. Twahiri bado ana kandarasi, na mitaro bado imeziba. Mwakio, nasikia, amerudi kwao. Bi Zainabu familia yake walipewa pole ya maneno.

Aliyeadhibiwa ni mmoja.

Wiki ile ile kulikuwa na maiti Mkanyageni. Mwosha akavaa, akakaa anangoja kuitwa. Hakuitwa. Walimleta mwosha mwingine kutoka Majengo. Mwezi uliofuata maiti wawili, vivyo hivyo. Hakuna aliyemkosea adabu. Walimsalimu, walimletea chakula, walimwita shujaa. Lakini kila nyumba ina kovu lake, na kila mmoja alikuwa anajisemea kimoyomoyo: akisema la Zainabu, atasema na langu. Wanawake wale wale waliombeba. Mimi nilikuwa nikipita kwake naona televisheni inawaka, na mfuko wake wa kazi umewekwa karibu na mlango.

Nimeahidi kutaja wote, basi nitaje na aliyebaki. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mama yake. Akaja kwangu analia, akaniuliza, "Nimwite nani aoshe?" Mimi nilijua la kusema. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Nikafikiria mama wa mwenzangu, nikafikiria maneno ya watu, nikasema, "Huyo wa Majengo nasikia ana mkono mwepesi." Nimeliandika. Lisomeke na kosa langu.

Mwaka na kitu ukapita hivyo.

Shangazi yangu, ndugu wa babangu, aliyenilea alipokufa mama, alifariki nyumbani kwangu baada ya alfajiri, taratibu, mkono wake ndani ya wangu. Naye alikuwa wa aproni za manjano. Alifagia mpaka siku kazi iliposimamishwa. Kulipopambazuka jamaa wakajaa, binamu yangu akashika simu kupiga Majengo.

"Weka simu," nikamwambia.

"Kwani kuna nini?"

"Nimesema weka."

"Wewe na yule mwanamke wako. Kesho tutasikia mambo ya shangazi barabarani."

"Shangazi hana mambo. Na akiwa nayo, afadhali yajue mtu anayejua lipi la kusema na lipi la kuzika."

Nikaenda mwenyewe, magongo yangu hayo, watu wa kahawa wananitazama. Nilipobisha, kule ndani televisheni ilizimwa.

"Nani?"

"Ni mimi, Kisirani."

Akafungua. Alikuwa amekonda, buibui linamwelea. Sufuria imelala kwenye karai kama kawaida. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya kuomba radhi kwa siku ile ya magongo, na kwa ile ya jirani ambayo hakuijua, ingawa nadhani aliijua. Hayakutoka.

"Bi, kuna maiti," nikasema. "Kwangu. Shangazi."

Hakusema pole. Alinitazama tu, halafu akasema, "Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri."

"Watasema."

"Waseme."

Akainama kwenye kona ya mlango, akaunyanyua ule mfuko. Nilitegemea vumbi. Alipoufungua kuangalia, pamba ilikuwa mpya, kafuri mpya, majani ya mkunazi yamepondwa juzijuzi. Muda wote ule alikuwa akiyabadilisha.

Chumbani tuliingia watatu, yeye, mimi na binamu yangu aliyekunja uso. Nilikaa kwenye kigoda kwa sababu ya mguu, ndoo mbele yangu, kata mkononi. Mwosha akapandisha mikono ya nguo. Akamwinamia shangazi, na ile sauti ambayo sikuisikia tangu siku ya mamangu ikatoka.

"Subalkheri, bibi. Ni mimi, Mwosha. Geuka, mwenzangu, kidogo tu. Hivyo. Ahsante."

Binamu yangu uso ukamlegea. Akaanza kulia.

Alimwosha kama kawaida yake, bila haraka. Alipofika mkono wa kulia akafungua vidole kimoja kimoja. Kile gumba akakishika, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama ukucha, na kando ya ukucha, na chini yake. Alikitazama kwa muda mrefu. Hakikuwa na kitu. Ngozi ya mtu mzima tu, nyeupe kidogo kwa maji.

Akakishusha taratibu juu ya kitanda.

"Safi," akasema. Kisha bila kugeuka, "Mimina, Kisirani."

Nikamimina.